Kuchagua Kompyuta ya Injini Yenye Tabo

Watu wengi hudhani kwamba nguvu ya injini hutokana na petroli peke yake, na kwamba atakaye mwendo zaidi hana budi kumimina petroli zaidi. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli. Petroli haiungui bila oksijeni, na kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote pasipo kubaki petroli wala oksijeni. Kwa hiyo kinachozuia nguvu za injini si tangi la mafuta bali ni hewa, yaani kiasi cha hewa kiwezacho kuingia katika silinda kwa muda mfupi ambao valvu imefunguka.

Mwaka 1905 mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kuitumia nguvu ipoteayo pamoja na moshi. Moshi wa moto utokao kwenye silinda huzungusha gurudumu lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili, ambalo huishindilia hewa safi iendayo kwenye injini. Kifaa hiki ndicho mafundi wetu wakiitacho tabo. Waliofuatilia mbio za Safari Rally nchini Kenya waliiona kazi yake: magari ya Toyota Celica yenye tabo yalishinda mbio hizo mwaka 1984, 1985 na 1986.

Hata hivyo, tabo huja na hatari yake. Kwa kawaida cheche ya plagi huuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli, na mwale wa moto ukasambaa kwa utaratibu hadi kwenye kuta za silinda. Hewa ikishindiliwa mno, au ikiwa na joto mno, sehemu ya mchanganyiko ambayo mwale haujaifikia hulipuka yenyewe kwa mshindo. Mafundi husema injini inagonga. Mawimbi ya mshindo huo huuondoa utando mwembamba wa gesi uikingao pistoni, joto likapenya ndani ya aloi ya alumini, na pistoni ikatoboka au kingo zake zikavunjika. Katika injini yenye tabo, mambo hayo huweza kutokea katika sekunde chache tu. Tiba zake zinajulikana: kuipoza hewa, kutumia petroli yenye oktani ya juu, kuongeza petroli kidogo kupita ule uwiano wa 14.7, na kuichelewesha cheche. Mbili za mwisho ni kazi ya kompyuta ya injini.

Kompyuta iliyotoka kiwandani na gari inaijua injini jinsi ilivyozaliwa, basi. Ukibadilisha tabo, ukaweka nozeli kubwa za petroli, au ukaipa tabo injini ambayo haikuwa nayo, takwimu zilizomo ndani ya kompyuta hiyo hazisemi kweli tena. Hapo ndipo ihitajikapo kompyuta inayokubali kufundishwa upya. Kompyuta za namna hii si jambo geni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza mtambo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, uliopimwa kwa kanieneo ya hewa, katika magari ya Volkswagen 1600 mwaka 1967. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo iliunganisha petroli na cheche katika kompyuta moja ndani ya BMW 732i. Kompyuta ambazo mnunuzi mwenyewe huweza kuzipangia takwimu zilienea baadaye. Kampuni za Haltech na MoTeC za Australia zilianzishwa katika miaka ya 1980, na mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walitoa MegaSquirt, kompyuta ya bei nafuu ambayo mnunuzi aliweza kuilehemu kwa mikono yake mwenyewe.

Mwenye kuchagua aanze na swali moja: kompyuta hii huipimaje hewa? Nyingi kati ya hizi haziipimi hewa moja kwa moja. Hupima kanieneo na halijoto ya hewa iliyo katika mfereji wa kuingilia, kisha hukokotoa tungamo lake kwa kanuni ya gesi ambayo wanafunzi wa sekondari huisoma darasani. Hebu tufanye hesabu. Tuchukue injini ya lita 2 yenye silinda 4, hivyo kila silinda ina ujazo wa nusu lita, na tudhani kwamba silinda hujaa hewa kikamilifu. Katika kanieneo ya kilopaskali 100 na halijoto ya nyuzi 20 za Selsiasi, silinda moja hupokea gramu 0.59 za hewa. Tabo ikipandisha kanieneo hadi kilopaskali 200, na hewa ikatoka kwenye kipoozeo, yaani intakula, ikiwa na nyuzi 50, silinda hupokea gramu 1.08. Si maradufu kamili, maana joto limeitanua hewa. Tukiiondoa intakula na hewa ikaingia na nyuzi 120, basi kwa kanieneo ile ile ya kilopaskali 200 hupatikana gramu 0.89 tu. Mwalimu wa Fizikia aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii, akiwakumbusha kwamba halijoto hutiwa katika Kelvini, wala si katika Selsiasi.

Hesabu hiyo yatufundisha kwamba sensa ya halijoto ya hewa si pambo, na kwamba kompyuta isiyoitumia haifai kwa tabo. Yatufundisha pia kuangalia ukomo wa sensa ya kanieneo. Sensa iliyotengenezwa kwa injini ya kawaida hukoma karibu na kilopaskali 105. Kwa injini yetu tutahitaji sensa isomayo hadi 250 au 300, maana kompyuta iliyofika ukomo wa sensa yake huwa kipofu: tabo huendelea kushindilia hewa, ilhali kompyuta hupuliza petroli ile ile.

Jambo jingine latuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki zaidi kuliko watu wa nchi tambarare. Kanieneo ya angahewa Mombasa ni takriban kilopaskali 101, lakini Nairobi, iliyo juu kwa zaidi ya mita 1,600, ni takriban 83. Geji ya tabo ionyeshayo kilopaskali 100 juu ya angahewa ina maana ya jumla ya 201 pwani na 183 Nairobi. Hewa si ile ile, na hata moshi hutoka kwa wepesi zaidi pale ambapo angahewa ni hafifu. Kwa sababu hiyo, kompyuta iliyo na sensa ya pili ya kupima angahewa wakati wote ni bora kuliko ile iipimayo mara moja tu swichi inapowashwa. Gari huweza kuwashwa Nairobi asubuhi na lisizimwe hadi limeteremka mbali kuelekea pwani.

Tuendelee na petroli. Injini yenye tabo, inapofanya kazi nzito, aghalabu hupewa gramu moja ya petroli kwa kila gramu 11.5 za hewa. Gramu zetu 1.08 za hewa zitahitaji gramu 0.094 za petroli. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda huvuta hewa mara 3,000, hivyo nozeli moja hutoa gramu 282 kwa dakika, yaani takriban sentimita 380 za ujazo. Nozeli ya sentimita 400 yaonekana kutosha, lakini italazimika kubaki wazi karibu asilimia 95 ya muda wote. Desturi ya waangalifu ni kutozidi asilimia 80, nasi tutachagua nozeli ya karibu sentimita 480 au zaidi. Kisha tuulize: je, kompyuta inaweza kuziendesha nozeli hizo kwa umeme wa kutosha? Nozeli za upinzani mdogo hutaka mkondo mkubwa, na si kila kompyuta iuwezao bila kuungua. Aidha, nozeli huchelewa kufunguka kwa takriban milisekunde moja, na uchelewaji huo huongezeka betri inapokuwa dhaifu. Injini inapounguruma taratibu, nozeli hufunguliwa kwa milisekunde mbili au tatu tu. Kompyuta isiyo na jedwali la kusahihisha kosa hilo itaifanya injini itetemeke kila taa zinapowashwa.

Kuhusu cheche, muda ni mfupi kuliko tunavyowaza. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, krenki hugeuka nyuzi 36 katika milisekunde moja. Kosa la nyuzi 4, ambalo laweza kuigongesha injini, ni sehemu moja ya tisa ya milisekunde. Kompyuta hujua mahali krenki ilipo kwa kuhesabu meno ya gurudumu maalumu, kwa mfano gurudumu la meno 36 lililopunguzwa jino moja, au la 60 lililopunguzwa mawili. Pengo hilo ndilo alama ya kuanzia hesabu. Kila mtengenezaji wa magari ana mpangilio wake wa meno. Kompyuta isiyoujua mpangilio wa injini yako haitakufaa, hata kama imesifiwa na mashindano yote ya dunia.

Takwimu zenyewe hukaa katika majedwali. Jedwali la kawaida lina safu 16 za mwendo na safu 16 za kanieneo, yaani vyumba 256. Injini inapokuwa kati ya vyumba viwili, kompyuta hukadiria: kama kwa mizunguko 3,000 jedwali lasema 60, na kwa 3,500 lasema 64, basi kwa 3,250 itatumia 62. Wauzaji hupenda kujisifu kwa wingi wa vyumba. Mimi naona kwamba vyumba 256 vilivyojazwa kwa uangalifu vyashinda 1,000 vilivyojazwa kwa kubahatisha.

Kinachonishawishi zaidi ni ulinzi. Sensa ya oksijeni ya kawaida, ya aina iliyoanza kutumika katika magari ya Volvo mwaka 1976, husema tu kama petroli imezidi au imepungua. Kwa tabo tunahitaji ile ya masafa mapana, isemayo imezidi au imepungua kwa kiasi gani. Zote mbili huharibiwa na risasi iliyotiwa katika petroli, nasi tuna bahati kwamba nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kutumia petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Ipo pia sensa ya kusikiliza mgongo wa injini. Kama ngoma, silinda pana hutoa sauti nzito kuliko nyembamba. Silinda yenye upana wa milimita 86 hugonga kwa mitetemo kati ya 6,000 na 7,000 kwa sekunde. Kompyuta nzuri huisikiliza sauti hiyo peke yake, na kwa nyakati zile tu ambazo mgongo waweza kutokea, kisha huichelewesha cheche. Na iwe na uwezo wa kukata petroli kabisa endapo tabo itapita kiasi, endapo petroli itapungua wakati wa kazi nzito, au endapo kanieneo ya oili itashuka.

Je, ni lazima kompyuta ya kiwandani iondolewe? La. Kwa mabadiliko madogo, kuandika upya takwimu za kompyuta ya asili, pale inapowezekana, ni njia rahisi na yenye salama. Wapo wauzao visanduku vya kuidanganya kompyuta ya asili kwa kubadili ujumbe wa sensa zake. Sivipendekezi kwa tabo, kwani kompyuta iliyodanganywa kuhusu hewa hukosea cheche pia. Na anunuaye kompyuta mpya kabisa aulize kwanza ni nani katika mji wake aijuaye programu yake na mwenye mtambo wa kupimia nguvu za gari, kwa petroli ile ile iuzwayo hapo. Magari mengi ya tabo kutoka Japani yalipangiwa petroli ya oktani ya juu, na takwimu zilizonakiliwa kutoka huko huweza kuigongesha injini siku ya kwanza.

Fundi mzuri utamtambua kwa kazi yake ya mwanzo. Kabla ya kugusa jedwali lolote, ataiamuru kompyuta itoe cheche katika nyuzi 10 tu, bila kubadilika, kisha ataimulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi. Taa ikionyesha 16 ilhali kompyuta yasema 10, kila cheche itakayofuata itawahi kwa nyuzi 6, hata majedwali yakiwa sahihi namna gani. Kosa hilo husahihishwa injini ikiwa bado inaunguruma taratibu, kabla tabo haijaruhusiwa kushindilia hewa.