Meza ya Wageni Chini ya Uluguru

Yako mambo madogo yamfunuayo mtu kuliko hotuba ndefu. Moja katika hayo ni adabu yake anapokula katika nyumba ya biashara, chakula alichokinunua kwa fedha yake mwenyewe.

Tangu mwezi wa Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, mji huu umekuwa karibu na wageni kuliko zamani. Katika vitongoji vilivyo chini ya milima, kama Forest, Kola na Bigwa, mna nyumba za chakula zenye bustani na meza zilizotandikwa vitambaa. Jumamosi moja tulitembelewa na jamaa kutoka Dar es Salaam, nasi tukaona vyema kuwakirimu katika mojawapo. Jina lake hatulitaji, kwani kusudi letu si kuharibu riziki ya mtu. Pamoja nasi alikuwapo bibi yetu, aliyeshuka kutoka Mgeta, huko juu mlimani.

Kabla ya kuketi tuliuliza mambo mawili: nani achinjaye, na je, vileo vyauzwa hapa? Tulijibiwa kwamba mchinjaji ni Mwislamu, na kwamba vileo huuzwa katika ukumbi wa upande wa pili, wala haviletwi bustanini. Tuliketi, lakini si kwa moyo mweupe. Twakiri kwamba maswali hayo yalipasa kuulizwa kabla ya kutoka nyumbani, si mlangoni, mbele ya wageni wenye njaa.

Mahali penyewe palipendeza. Ukungu ulikuwa ukiteremka kutoka vilele vya Uluguru, ambavyo virefu vyake hupita mita 2,600, na maji ya kutawadhia yalikuwa tayari tulipotaka kusali Alasiri. Supu ya njegere ilikuwa tamu, na karoti zilikuwa laini. Bibi alionja, akatabasamu: “Hizi ni za kwetu Mgeta. Ardhi yake naitambua ulimini.”

Baada ya hapo tulingoja saa nzima na robo. Kuku alipoletwa, nje alikuwa mwekundu wa kupendeza, lakini alipopasuliwa damu ilionekana mfupani. Kijana wetu mmoja alipiga meza, akamkemea mtumishi mbele za watu: “Fedha yetu mwaiona, utu wetu hamwuoni?”

Mtumishi, naye kijana wa umri ule ule, aliinamisha kichwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba mpishi alikuwa peke yake siku ile, na kwamba sahani ikirudishwa jikoni, yeye hukatwa mshahara.

Bibi akamgeukia mjukuu wake: “Na utu wa huyu, baba, wewe umeuona?”

Meza nzima ilinyamaza. Sote twajua kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) hakuwa na desturi ya kukitia chakula ila, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Lakini kuku mbichi si jambo la kupenda au kutopenda. Ni madhara, na kuyanyamazia ni kumwachia mgeni ajaye augue. Basi kusema ilikuwa wajibu. Kosa letu lilikuwa katika namna ya kusema, na katika kumchagua wa kuambiwa. Mtume ametufundisha pia kwamba mtumishi akituletea chakula, tusipomketisha nasi, tumpe japo tonge, kwa kuwa ndiye aliyestahimili joto la moto. Sisi tulimwongezea joto jingine.

Mkubwa mmoja wetu aliinuka, akamwendea msimamizi faraghani. Alianza kwa kusifu mboga na usafi, kisha akaeleza habari ya kuku, akamaliza kwa kusema: “Ikiwa gharama hii itamwangukia kijana, iandikwe kwetu.” Msimamizi aliona haya. Kuku alirudishwa motoni, akaja ameiva, na msimamizi akaahidi kwamba mshahara wa kijana hautaguswa. Kama ahadi ilitimizwa, Mola ndiye ajuaye.

Hesabu ilipoletwa tulipata somo la pili. Tuliagiza kwa macho, si kwa njaa, na sahani mbili zilibaki hazijaguswa. Bibi aliuliza bei ya bakuli moja la njegere. Alipoambiwa, alitulia kidogo, kisha akasema kwamba kwa kiasi hicho mlimani hutoa ndoo nzima. Hakulalamika, aliomba tu kisitupwe kitu. Tulifungasha vilivyobaki, tukampa mlinzi wa getini, ambaye usiku wake ulikuwa ndio kwanza waanza.

Mlangoni tulimkosa kijana wetu. Alikuwa amerudi bustanini, amesimama na yule mtumishi, mikono yao imeshikana. Walizungumza nini hakutuambia, wala hatukumwuliza.

Basi, enyi wazazi na vijana, kwenda kula nje si haramu wala si aibu. Ulizeni mapema, agizeni kwa kiasi, na kosa likitokea lisemeni kwa mwenye uwezo wa kulirekebisha, si kwa mnyonge asiyeweza kujibu. Bei ya sahani hununua chakula; haimnunui aliyekileta. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na adabu ya kuila. Amin.