Kuku Mkongwe Ataka Muda, Si Moto

Mtu wa Pwani akihamia Nairobi hukutana na mambo mawili jikoni ambayo hakuna aliyemwambia. La kwanza, maharagwe na nyama hukawia kuiva. La pili, makaa hununuliwa kwa mkebe, na mkebe huo huisha kabla sufuria haijawa tayari. Mimi naishi Kawangware, na jamaa zangu wako Kibera, upande wa Makina. Kote kuwili naona watu wakimwacha kuku wa kienyeji sokoni, si kwa bei yake tu, bali kwa gharama ya kumwivisha. Hesabu hiyo ina dawa, nayo ni kikapu.

Tuanze na sababu ya kukawia. Mombasa iko usawa wa bahari, na maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na huku maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Hata ukijaza jiko makaa mpaka pomoni, maji yatatokota kwa kelele na kukauka upesi, lakini joto lake halitapanda. Makaa ya ziada ni pesa zinazopaa na mvuke.

Pili, mjue kuku wako. Broila huchinjwa akiwa na wiki sita hivi. Ni laini, nusu saa au dakika 40 zamtosha, ukizidisha ataporomoka. Kuku wa kienyeji huwa amekula miezi mingi akikimbia uani. Na yuko kuku wa mayai aliyestaafu, ambaye huuzwa baada ya kutaga kwa mwaka mzima na zaidi. Huyu mara nyingi huuzwa rahisi kuliko wa kienyeji, na supu yake ni nzito, ila ukimpika kwa haraka utatafuna mpira.

Kinachomkaza ni kolajeni, zile nyuzi zinazoshikanisha misuli. Kadiri kuku anavyozeeka ndivyo zinavyozidi kushikana. Lakini hazihitaji maji ya kutokota. Zikikaa kwenye joto la nyuzi 70 na kwenda juu kwa saa kadhaa, zenyewe huyeyuka na kuwa ule urojo unaoganda supu ikipoa. Kwa hivyo kuku mkongwe ataka muda, si moto.

Wenzetu wa Marekani walilitatua jambo hili kwa umeme. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ilitoa chungu cha umeme kiitwacho Crock-Pot: unaweka kuku mzima asubuhi, unakwenda kazini, ukirudi jioni ameiva. Ni kifaa kizuri, lakini katika ploti zetu wenye nyumba wengi hawataki chombo cha kupikia kwenye stima yao, na stima ikipotea saa sita mchana kuku hubaki vuguvugu hadi jioni. Huo ni ugonjwa.

Wengine humwacha kuku juu ya jiko la makaa ndani ya chumba, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya Juni na Julai. Hapa nasema kwa ukali. Pwani tumezoea kupikia uani, upepo ukipita. Chumba kimoja cha mabati kilichofungwa ni kitu kingine. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Hakuna supu inayostahili hatari hiyo.

Kikapu huondoa hatari hiyo na gharama pamoja. Fikra yenyewe ni ya zamani: wakati wa vita vikuu vya dunia Waingereza walipikia kwenye masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kuokoa makaa. Afrika Kusini, Sarah Collins alianzisha mfuko wa Wonderbag mwaka 2008. Hapa Kenya jiko la kikapu hutengenezwa kwa kapu kubwa la kawaida. Makapu yapo sokoni, na vipande vya vitambaa havikosi kwa mafundi cherehani. Shona mito miwili: mmoja wa kuzunguka sufuria na kukaa chini yake, mwingine wa kufunika. Jaza vitambaa au sponji iliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne au zaidi. Tandika nailoni ndani ili mvuke usilowanishe mito.

Sasa upishi. Chagua sufuria inayomtosha kuku barabara, yenye kifuniko kinachobana. Sufuria ikiwa na nafasi tupu joto hukimbia. Mtie kuku mzima, tangawizi, kitunguu thomu, bizari nzima, pilipili manga na chumvi. Maji yamfunike na yaingie hadi tumboni. Yakichemka, acha yatokote dakika 40 bila kukatiza, ili joto lifike kwenye mfupa wa paja. Kisha hamisha sufuria kwenye kapu papo hapo, bila kufunua, na uibane kwa mto wa juu. Iache saa tatu, isizidi nne. Usichungulie.

Ukifungua, mvuke ukupige uso na sufuria isishikike kwa mkono mtupu. Irudishe jikoni itokote dakika kumi, kisha mle. Ukikuta imekuwa vuguvugu, usijaribu kuiokoa. Chini ya nyuzi 60 vijidudu huzaana, na vingine huacha sumu ambayo kuchemsha tena hakuiondoi. Kapu si mahali pa kulaza chakula usiku kucha.

Wapenzi wa kuku wa kupaka, tui msilitie kapuni. Kuku akishalainika, mtoeni, mbabueni juu ya makaa yaliyobaki, ndipo mumpake tui lililopikwa kando na ndimu. Supu iliyobaki ichemsheni tena kesho yake na kuipikia pilau. Kuku mmoja, siku mbili.

Tangu serikali ilipozuia ukataji wa miti Februari 2018 na bei ya makaa kupaa, hesabu hii imekuwa nzito kwa kila anayepika kwa mkebe. Jikoni, kuku mkongwe hula makaa ya saa tatu. Kwa kapu, ni ya saa moja hivi, na moto ule ule husongea ugali. Jaribuni Jumapili moja, mpime wenyewe makaa yaliyosalia.