Fahamu: Kwa nini wanawake hukosa miadi ya kupima saratani ya mlango wa kizazi

Nchini Tanzania, hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko ya mlango wa kizazi, ingawa mabadiliko ya awali huweza kugundulika miaka kadhaa kabla hayajawa saratani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kufikia umri wa miaka 35, kisha tena kufikia 45. Wanaokosa miadi hulaumiwa kwa uoga na uelewa mdogo. Naona lawama hiyo imekosea mlango. Hata kipimo kikiwa bure, muuza mboga aliyefunga genge kutwa nzima amekilipia kwa nauli na mauzo aliyopoteza, na akiambiwa arudi kufuata majibu, analipa tena.

Ndiyo maana kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi kina faida: jibu hutoka papo hapo, na wengi wanaokutwa na mabadiliko huweza kutibiwa siku hiyohiyo. Aibu ipo, sikatai, hasa mhudumu akiwa mwanamume. Lakini WHO imeridhia mwanamke ajichukulie mwenyewe sampuli ya kupima virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, na tafiti zinaonyesha njia hiyo huwavuta waliokuwa hawaji. Atakayekutwa na virusi bado atahitaji kliniki, kweli, ila hao ni sehemu tu ya waliopimwa. Ujumbe wa simu nao humsaidia aliyesahau. Haumlipii nauli asiyenayo. Ukipangiwa miadi, uliza kwanza: majibu na matibabu vinapatikana siku hiyohiyo?