Baiskeli za Kale, Mizinga na Patasi: Mtu Mmoja na Mapumziko Mengi

Wazee walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Alisikia harufu ya nyama huku na huku, akataka kuzifuata njia zote mbili kwa wakati mmoja, akapasuka msamba. Maneno hayo aghalabu huambiwa mtu mwenye tamaa ya mali. Lakini yanamfaa vile vile mtu mwema asiye na tamaa yo yote, ila anapenda mambo mengi mno katika saa zake za mapumziko. Na katika nchi ya Mwingi, upande wa kaskazini wa Kitui, mtu akitaka kuujua ukweli huo upesi, na aanze kukusanya baiskeli za kale.

Huenda wengine wakashangaa kusikia kwamba yuko mtu anayekusanya baiskeli asizokusudia kuzipanda zote. Lakini kazi hiyo si ngeni duniani. Huko Uingereza wapenda baiskeli za kale walianzisha chama chao mwaka 1955, na katika mji wa Coventry iko nyumba ya makumbusho ambamo baiskeli za kila namna huwekwa ili watu wazitazame. Hapa kwetu baiskeli ya kale si kitu cha makumbusho. Ni ile nyeusi, nzito, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma na keria pana nyuma, ambayo watu wa Kenya waliipa jina la Black Mamba kwa ajili ya weusi wake. Ilimpeleka mwalimu shuleni na karani ofisini, ikabeba magunia ya mtama mpaka sokoni, na madebe ya maji mpaka nyumbani.

Siku hizi kazi nyingi za baiskeli zimechukuliwa na pikipiki. Hata jina la bodaboda, ambalo sasa ni la pikipiki, lilikuwa kwanza la baiskeli zilizochukua abiria mpakani Busia tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo baiskeli nyingi za wazee zimeegemezwa nyuma ya ghala, kuku wakilala juu yake, mpaka siku atakapopita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Mizani haiulizi baiskeli ilitengenezwa lini wala ilimsomesha nani. Huuliza kilo tu.

*Elimu iliyomo katika chuma*

Mtu anayezikusanya baiskeli hizo kwa akili hujifunza mambo mengi. Hujifunza kwamba mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl Drais, aliunda chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, ambacho mpandaji alikisukuma kwa miguu yake chini. Hujifunza kwamba mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kulizungusha gurudumu la nyuma. Nayo ndiyo mama wa baiskeli hizi tuzijuazo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama mjini Belfast, alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa tairi lenye upepo, na tangu hapo mpandaji akapona mifupa.

Kadhalika hujifunza kusoma alama. Raleigh ya Nottingham ina kichwa cha ndege korongo katika beji yake ya mbele. BSA ina bunduki tatu, kwa kuwa kiwanda hicho kilianza kwa kutengeneza silaha. Humber hujulikana kwa uma wake wa mbele wenye vyuma pacha. Ikiwa baiskeli ina gia tatu za Sturmey-Archer, basi aifute vizuri kitovu cha gurudumu la nyuma. Mara nyingi ataona tarakimu zilizopigwa muhuri, za mwaka na mwezi kitovu hicho kilipotengenezwa. Mtu akiona 52 na 11 atajua kwamba ni cha Novemba 1952. Na ikiwa baiskeli ni Hero, basi imetoka Ludhiana katika India, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1956. Hizi za India bado zaweza kununuliwa mpya. Lakini Nottingham iliacha kuunda baiskeli za Raleigh mwaka 2002, na kila moja inayokwenda kwenye mizani hairudi tena.

Hiyo ndiyo sababu ya haraka ya mkusanyaji, nayo ndiyo inayomtia katika mashaka.

*Jumamosi moja, kazi tano*

Tuseme kwamba yuko karani mmoja mjini Mwingi, mwenye mke na watoto wanne, na shamba la ndengu, mbaazi na mtama. Ana mizinga kumi na miwili katika migunga ya marehemu baba yake. Ana patasi tatu na shoka dogo, na akipata gogo zuri hukaa chini ya mti akachonga miiko na vinyago. Siku ya mpira yeye ndiye refa. Na katika stoo yake zimo baiskeli tano za kale.

Mwezi wa Oktoba apata habari kwamba huko Kyuso mwalimu mmoja mstaafu anauza Humber ya kale. Jumamosi ya kwanza aenda kuitazama. Jumamosi ya pili aenda na fedha, lakini mwenyewe hayupo. Jumamosi ya tatu aipata, airudisha kwa furaha juu ya lori, naye akaona kwamba haina pedeli moja na tairi zote mbili zimepasuka.

Katika majuma hayo matatu mizinga haikusafishwa. Yule mfugaji aliye na bidii huisafisha mizinga yake mitupu kabla ya maua, akaipaka nta ndani ili kundi la nyuki likipita livutwe na harufu. Mizinga ya karani imeingiwa na nondo wa nta, na makundi ya nyuki yamepita yakaenda kwa jirani. Mvua nayo imenyesha, na magugu yameota katika ndengu. Refa mwingine ametafutwa. Gogo lililokuwa likingoja patasi limeliwa na mchwa.

Lakini jambo lililomwumiza zaidi si hilo. Bomba la maji liliharibika, na mkewe akarudi mtoni kama zamani, dubu la lita 20 mgongoni, kamba yake kichwani. Siku ya nne akasimama mlangoni mwa stoo, akasema kwa upole, "Baba watoto, humu mna baiskeli sita, na maji yangali yakichotwa kwa mgongo." Karani akazitazama. Hapakuwa na hata moja yenye upepo.

Mfano huu si wa kumcheka karani. Hapana baya katika mambo yote aliyoyapenda. Nyuki ni wema, uchongaji ni mwema, mpira ni mwema, na baiskeli ni njema. Kosa ni kwamba yote yaliitaka Jumamosi ile ile na shilingi ile ile, naye hakuyapa utaratibu.

*Kila jambo na majira yake*

Utaratibu wa kwanza haufai kutafutwa mbali. Umo katika hali ya nchi. Ukambani hutegemea zaidi mvua za Oktoba mpaka Desemba, na baada yake zile za Machi mpaka Mei. Kuanzia Juni mpaka Septemba nchi hukauka na kazi ya shamba hupungua. Miezi hiyo basi na iwe ya baiskeli. Ndipo mtu afunguapo vitovu, aoshe gololi kwa mafuta ya taa, atie grisi mpya, apake rangi pasipo hofu ya mvua. Ndipo pia awezapo kusafiri kwenda Migwani, Nuu au Tseikuru kuulizia baiskeli, kwa kuwa barabara ni kavu.

Ifikapo mwisho wa Septemba stoo ifungwe, na mizinga isafishwe. Novemba na Desemba ni za jembe, wala asisafiri mtu kutafuta Humber, hata akiambiwa ni ya bure. Jioni za mvua ni za patasi, kwa maana kazi hiyo hufanyika barazani. Na maua yakiisha kugeuka asali, jioni ziwe za kuvuna, kwa kuwa nyuki wetu ni wakali na hawataki kuguswa mchana.

Kuhusu fedha, yafaa kila jambo lijilipie. Fedha ya asali inunue tairi, na fedha ya vinyago inunue mnyororo. Lakini karo ya watoto isiguswe na baiskeli hata siku moja. Na anunuapo baiskeli, mkusanyaji aombe hati yenye jina la muuzaji, tarehe na namba ya fremu, ili asije akadhaniwa kuwa amenunua kitu cha wizi.

*Mapumziko yasaidiane*

Utaratibu wa pili ni kuyafanya mapumziko yasaidiane badala ya kugombana. Nta ya nyuki ikiyeyushwa pamoja na mafuta ya mnyama hulainisha tandiko la ngozi lisipasuke kwa jua. Na ikipakwa nyembamba juu ya chuma kilichokauka, huzuia maji na hewa visikutane na chuma hicho, maana vitu hivyo viwili ndivyo viletavyo kutu. Patasi huchonga vishikio vya usukani pale ambapo vya zamani vimepotea. Na ukarani wenyewe wafaa: daftari moja iandikwe kila baiskeli, imetoka kwa nani, ilifanya kazi gani, na namba zake ni zipi. Mzee akifa na baiskeli yake ikabaki bila habari, imebaki chuma tu.

Wala asiyadharau mapumziko haya mtu ye yote. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga vinyago katika nchi ya Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kwao na ufundi huo. Leo vinyago vya Wakamba vinajulikana duniani kote. Asali ya Mwingi nayo imepata sifa, na wataalamu wa wadudu wa ICIPE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970, wamefanya kazi pamoja na wafugaji wa hapa ili waivune kwa usafi na kuiuza kwa faida. Mambo hayo yalikua kwa sababu watu waliyashika kwa mikono miwili.

*Kiasi*

Utaratibu wa tatu ndio mgumu, nao ni kiasi. Baiskeli iliyoachwa hufa polepole. Tairi lisilo na upepo hukunjwa na uzito wa fremu, likapasuka ubavuni. Mafuta ya kupikia, ambayo wengine hupaka mnyororo, hugeuka gundi na kuushika mchanga. Tena vipuri havibadilishani ovyo: Raleigh ilitumia hesi 26 katika kila inchi kwa vikombe vya gololi vya pedeli na usukani, wakati viwanda vingi vingine vya Uingereza vilitumia 24. Mtu akilazimisha kikombe cha moja katika nyingine, ataziharibu zote mbili.

Kwa hiyo kila mkusanyaji na ajipimie hivi: Je, zile anazozimiliki zaweza zote kufutwa vumbi, kutiwa mafuta na kujazwa upepo katika alasiri moja, mara moja kwa mwezi? Zikizidi hapo, zile zilizozidi si mkusanyo tena, bali ni vyuma chakavu vilivyobadili nyumba tu. Heri kuwa na tatu zinazokwenda na habari zake zimeandikwa, kuliko kuwa na kumi na mbili zilizolala. Nyingine na apewe kijana wa jirani atembeaye mwendo mrefu kwenda shule, au fundi atakayeitunza. Hata mapumziko yenyewe yaweza kuzidi. Na mwenye matano akiacha moja kwa hiari, mara nyingi huyaokoa manne.

Na katika zile zinazobaki, moja isiwe ya kutazamwa. Keria yake iwe imara, mpira wake uwe na upepo usiku na mchana, na pampu na viraka viwe karibu, iwe tayari kuchota maji, kumpeleka mgonjwa au kwenda kwa fundi.

Yule karani wa mfano wetu alianza na hiyo. Aliiacha Humber ukutani ingoje mwezi wa Juni, akaiteremsha Raleigh ya kwanza aliyoinunua, akaziba pancha mbili, akafunga madubu mawili kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Kesho yake alfajiri, kabla ya saa ya ofisi, aliisukuma mwenyewe mpaka mtoni. Jumamosi iliyofuata alikwenda kuisafisha mizinga, ingawa alikuwa amechelewa.