Damu, Eksirei na Viza: Tujiandae Mapema

Karibu kila nyumba ya mwambao wetu ina jamaa yake Muscat, Jeddah, London au Minneapolis, na wengi wa waliobaki wanangoja zamu yao. Mke anamfuata mumewe, binti anakwenda kwa mkataba wa kazi za nyumbani, nyanya anaitwa na wajukuu. Karatasi za ubalozi hujazwa kwa uangalifu mkubwa. Uchunguzi wa afya huachwa hadi mwisho, vitanda vimekwisha kuuzwa na watoto wameshaaga shuleni. Kwa maoni yetu, mambo yamepinduliwa: afya ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Kila nchi ina masharti yake. Uingereza humtaka mtu atokaye Kenya kukaa zaidi ya miezi 6 awe na cheti cha kuonyesha kwamba hana kifua kikuu kinachoendelea, na cheti hicho hudumu miezi 6. Marekani, kwa wahamiaji, huagiza picha ya kifua kwa aliyefikia miaka 15, na kwa mtoto wa miaka 2 hadi 14 kipimo cha damu cha kifua kikuu. Mtu mzima hupimwa kaswende pia, na chanjo hukaguliwa. Virusi vya Ukimwi si kizuizi tena cha kuingia Marekani tangu Januari 2010, jambo ambalo mitaani bado halijaenea. Wako wanaokataa viza kimyakimya kwa hofu ya sheria iliyokwisha kufutwa. Nchi za Ghuba ni kali zaidi kwa wafanyakazi. Huko virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na ya C, ujauzito, na hata kovu la kifua kikuu kilichopona zamani huweza kumfanya mtu aandikwe kuwa hafai.

Sasa tazameni hesabu ya muda. Picha ya kifua ikionyesha doa, daktari wa viza ya Marekani hutaka makohozi ya siku 3, kisha maabara huyaotesha kwa muda unaoweza kufika wiki 8. Ikithibitika kwamba ni kifua kikuu, matibabu ya kawaida ni miezi 6, na msafiri hungoja hadi amalize. Familia iliyokwisha kukabidhi nyumba ya kupanga itaishi wapi muda wote huo? Na aliyetoka Lamu au Malindi kwa basi la usiku kwenda kliniki ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Nairobi, atalala kwa nani siku hizo 3?

Kwa hiyo twashauri hivi: pimeni kwanza katika hospitali ya karibu, miezi kadhaa kabla. Dada anayekwenda Ghuba afanye hivyo kabla hajampa wakala hata shilingi moja, maana fedha hizo mara nyingi ni mkopo wa shangazi au mchango wa ukoo. Kifua kikuu hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Homa ya ini ya B ina chanjo ya sindano 3 zinazochukua takriban miezi 6. Watoto wa Kenya walianza kuipata mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo wengi wa akina mama wa leo hawakuchanjwa utotoni. Asiingoje siku za mwisho: aliyechomwa sindano hiyo siku chache tu kabla ya kupimwa damu aweza kuonekana kana kwamba ana virusi vyenyewe. Aliyewahi kutibiwa kaswende abebe barua ya daktari, kwani baadhi ya vipimo huendelea kuionyesha maishani hata baada ya kupona.

Lipo na la kuficha. Mama huambiwa na majirani asitaje kwamba alikunywa dawa za kifua kikuu mwaka fulani. Lakini kovu huonekana kwenye picha, na uongo katika fomu waweza kumfungia mlango ambao ugonjwa uliokwisha kupona usingeufunga. Cheti cha kununua nacho ni hasara tupu: Ghuba humpima mfanyakazi tena anapofika, kabla ya kibali cha ukaazi, na akigunduliwa hurudishwa na deni lake.

Siku ya kipimo, vaeni nguo nyepesi zisizo na vifungo vya chuma. Mkufu, pini za mtandio na sidiria yenye chuma huvuliwa kwa ajili ya picha. Nywele zilizosukwa hufungwa juu ya kichwa zisizibe mapafu. Ombeni mhudumu wa kike mapema, wakati wa kuweka miadi. Vipimo vya kaswende, homa ya ini na virusi vya Ukimwi havihitaji njaa, hivyo kuleni na mnywe maji, isipokuwa kituo kimeagiza sukari ya kufunga. Aliye katika saumu asihofu: kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa mwambao, kutolewa damu hakubatilishi funga. Kipimo cha mkojo kisiwekwe siku za hedhi. Mwenye mimba, au anayeishuku, aseme kabla ya eksirei. Kwa safari ya Marekani au Uingereza anaweza kupigwa picha akiwa amekingwa tumbo, au kungoja hadi ajifungue.

Majibu ni ya mwenye mwili wake. Mume akiombwa asubiri nje, si dharau. Daktari ana maswali ambayo mke hupaswa kuyajibu peke yake.

Kitabu cha kliniki cha kila mtoto kiende pamoja na pasipoti, kwa sababu chanjo iliyoandikwa huhesabiwa na isiyoandikwa hurudiwa. Kilichopotea au kuliwa na mchwa, rudini kwenye kituo alikochanjwa mtoto mkaombe nakala kutoka katika rejista zao, na muende mapema, kabla ya msongamano wa mama wenye watoto wachanga.