Lenzi za Kuzungusha kwa Mkono: Kwa Nini Wahandisi Bado Wanazibuni?

Oktoba 2019, kampuni ya Nikon ya Japani ilitangaza lenzi yenye uzito wa kilo 2, bei yake ikiwa takriban dola 8,000 za Marekani, na ndani yake hakuna mota ya fokasi. Inaitwa Nikkor Z 58mm f/0.95 Noct. Anayetaka jicho la mtu litoke kali kwenye picha hana budi kuzungusha pete kwa vidole vyake, taratibu, huku akiangalia kiwambo. Siku hizi hata simu ya mfukoni hulitafuta jicho la mtu na kulifuata yenyewe, kwa hiyo wapo watakaosema kwamba huku ni kurudi nyuma. Ukweli ni kinyume chake. Kuiondoa mota kunampa mhandisi uhuru ambao lenzi ya kiotomatiki haimpi.

Mdomo wa kamera

Tuanze na mdomo wa kamera, yaani ile pete ya chuma ambapo lenzi hufungwa. Kuna vipimo viwili vinavyomwongoza mbunifu: upana wa mdomo, na umbali kutoka kwenye pete hadi kwenye sensa inayopokea mwanga.

Ndani ya kamera za SLR kulikuwa na kioo cha kuakisi kilichoinuka kila picha ilipopigwa, nacho kilihitaji nafasi. Ndiyo maana mdomo wa Nikon F wa mwaka 1959 ulikaa milimita 46.5 mbele ya filamu, na ule wa Canon EF wa mwaka 1987 milimita 44. Lenzi pana, kama ile ya milimita 35, ilipaswa kukaa karibu zaidi na filamu kuliko kioo kilivyoruhusu. Mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux alitoa lenzi iliyolikabili tatizo hilo: aliweka mbele vipande vya kioo vinavyotawanya mwanga ili picha iundike mbali zaidi nyuma ya lenzi. Mbinu hiyo ilifanya kazi vizuri, lakini iliongeza idadi ya vipande, ukubwa na kasoro za kusahihisha.

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi zimeifungua nafasi hiyo. Umbali wa Sony E ni milimita 18, wa Canon RF ni 20, na wa Nikon Z ni 16 tu. Upana nao unatofautiana: Nikon Z ina milimita 55, Canon RF 54, na Sony E karibu 46. Sensa yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 36 kwa 24 ina mshazari wa milimita 43.3. Kwa hiyo mdomo wa Sony umeizidi sensa kwa kiasi kidogo tu, ilhali ule wa Nikon umeacha nafasi kubwa pembeni.

Nafasi hiyo ina thamani kubwa. Lenzi ya f/0.95, yaani yenye tundu pana sana la kupitishia mwanga, humwaga mwanga kwa umbo la pia iliyo pana sana, na mdomo mwembamba hukata sehemu ya pia hiyo inapoelekea kwenye pembe za picha, hivyo pembe huwa na giza. Mdomo mpana unamruhusu mbunifu kuweka kipande kikubwa cha kioo karibu na sensa na kuupinda mwanga kwa upole. Noct ina vipande 17 katika makundi 10, na ndiyo lenzi ambayo Nikon iliitumia kuonyesha uwezo wa mdomo wake mpya.

Mota inadai nini?

Lenzi ya kiotomatiki kwa kawaida huhitaji kundi dogo na jepesi la vioo, kwa kuwa mota inapaswa kulisukuma na kulisimamisha kwa kufumba na kufumbua. Sharti hilo hutawala ubunifu wote. Panapotumika mkono, mbunifu anaweza kusogeza vioo vizito, au mwili mzima wa lenzi, juu ya nyuzi za parafujo zilizochongwa kwa umakini na kupakwa grisi inayoipa pete uzito unaopendeza vidoleni.

Mwendo wenyewe ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Lenzi ya milimita 50 ikitolewa kwenye fokasi ya mbali kabisa na kuletwa kwa mtu aliye mita 1, husogea mbele takriban milimita 2.6. Kwa mtu aliye mita 10, ni robo milimita tu. Tena mwendo huo hudai usahihi mkubwa: sensa ya milimita 36 kwa 24 yenye megapikseli 24 ina pikseli za milimita 0.006. Kwa lenzi ya f/2, kukosea milimita 0.012 upande wowote kunatosha kutawanya ncha ya mwanga kwa upana wa pikseli moja, na unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa kuliko kosa hilo. Ndiyo sababu pete ya Noct huzunguka nyuzi 350, karibu duara zima: mwendo mfupi wa kioo umegawanywa katika mwendo mrefu wa vidole. Lenzi hiyo ikiwa wazi kabisa na mtu akiwa mita 1, hesabu ya kawaida inaonyesha kwamba kina kinachotoka kikali ni takriban milimita 16.

Kamera zenyewe zimeirahisisha kazi hii. Mpiga picha huona kile ambacho sensa inaona, anaweza kukikuza mara kadhaa, na kamera humwekea rangi kwenye kingo zilizo kali. Kioo cha kuakisi hakikuwahi kutoa msaada huo.

Muundo mmoja, midomo mingi

Kampuni ya Cosina, iliyoanzishwa mwaka 1959 mjini Nakano katika mkoa wa Nagano, ndiyo inayotengeneza lenzi za sasa zenye jina la Voigtländer, jina lililozaliwa Vienna mwaka 1756. Mwaka 2019 ilitoa APO-Lanthar 50mm f/2 kwa ajili ya Sony E, yenye vipande 10 katika makundi 8. Neno APO linatokana na kazi ya Mjerumani Ernst Abbe, ambaye mwaka 1886 alitoa lenzi za hadubini zilizokusanya rangi tatu za mwanga mahali pamoja. Rangi zisipokutana, kingo za vitu vyeupe hutoka na zambarau au kijani.

Baadaye Cosina ilitoa APO-Lanthar kwa mdomo wa Leica M na wa Nikon Z pia, na hapo kazi ya kuhamisha lenzi inaonekana. Toleo la Sony lina uzito wa gramu 364 na hufikia kitu kilicho mita 0.45. La Leica M lina gramu 288 na mwisho wake ni mita 0.7, kwani mfumo wa Leica hupima umbali kwa chuma kinachogusana na lenzi. Toleo la Sony lina viunganishi vya umeme: huiambia kamera urefu wa fokasi ili itulize mtikisiko, na pete inapozungushwa picha hujikuza yenyewe kwenye kiwambo.

Mtego mwingine ni kioo chembamba kilichofunika sensa. Cha Sony kina unene wa takriban milimita 2, cha Leica M ni chembamba zaidi. Kioo bapa cha milimita 2 husukuma fokasi nyuma kwa karibu theluthi mbili ya milimita, na mwanga unaokipita kwa mshazari husukumwa zaidi. Matokeo yake, lenzi pana ya Leica ikiwekwa kwenye Sony hupoteza ukali pembeni. Ndiyo maana lenzi pana za Voigtländer za milimita 10, 12 na 15 zilizotolewa kwa Sony mwaka 2016 zilirekebishwa ziendane na sensa hizo.

Wewe unayefikiria kununua lenzi ya namna hii, usitazame namba ya f peke yake. Uliza kama ilibuniwa kwa mdomo wa kamera yako au imebadilishiwa pete ya nyuma tu, uliza kama ina viunganishi vya umeme, kisha izungushe pete yake mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Kwa harusi yenye haraka au mchezo wa mpira, otofokasi ndiyo sahihi. Kwa sura ya mtu, mandhari, nyota na kazi yoyote inayoruhusu utulivu, lenzi ya mkono iliyobuniwa vizuri ni chombo cha leo, na inastahili heshima ya chombo cha leo.