Karatasi, chapa, na buku la ubatizo

Kila asubui tunafungua misale, brevyari ao buku la parokia, na hatujiulizi karatasi hizi zilitoka wapi. Tuangalie kidogo mwanzo wake, kwani kuna fundisho kwa kila padri na katekista, zaidi kwetu sisi wa Goma.

Jina lenyewe linatuonyesha njia. Neno "karatasi" tulilipata kwa Waarabu, nao walilitwaa kwa Wagiriki, walioita hivyo kurasa za kuandikia zilizotengenezwa kwa mafunjo, mimea inayoota katika mabwawa ya Misri na ya inchi yetu pia. Lakini karatasi ya leo haitoki katika mafunjo. Ilianza huko China. Mwaka 105 Tsai Lun, mutumishi wa jumba la mfalme, alimwonyesha bwana wake karatasi iliyofanywa kwa maganda ya miti, matambara na nyavu kuukuu za wavuvi. Wazee wetu wa inchi za maziwa walijua nusu ya kazi hii: walipiga maganda ya muti kwa nyundo mpaka yakawa nguo. Wachina waliongeza maji. Waliponda maganda yakawa kama uji, wakauchota kwa chekeche. Maji yakachuruzika, nyuzi zikashikana, wakazikausha. Katika karne ya 8 watu wa Samarkand walijifunza kazi hii, na katika karne ya 13 ilikuwa imefika Fabriano, katika Italia.

Hata hivyo, kuandika kitabu kizima kwa mukono kulidai miezi mingi. Huko Mainz, katika Ujerumani, Johannes Gutenberg alitengeneza herufi moja moja za risasi iliyochanganywa na bati. Unapanga herufi katika mistari, unazipaka wino, unalaza karatasi juu, unakaza kwa mashini iliyofanana na ile ya kukamulia zabibu. Kiisha unabomoa mistari, na herufi zile zile zinafanya ukurasa mwingine. Karibu na mwaka 1455 alimaliza Biblia ya Kilatini, nakala karibu 180. Yeye mwenyewe hakutajirika: Fust, aliyemkopesha feza, alimshitaki akashinda. Lakini karibu nakala 50 za Biblia ile zingali ziko. Vita na moto havikuzimaliza, kwa sababu zilikuwa nyingi na zilikaa mahali mbalimbali.

Kiswahili nacho kilipata faida hiyo. Huko Zanzibar, misioni ya Waanglikana iliyofika mwaka 1864 pamoja na Edward Steere ilifundisha vijana waliokombolewa utumwani kupanga herufi, wakapiga chapa vitabu vya Kiswahili.

Sasa turudi Goma. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka, ukapita katikati ya muji mpaka ziwani, ukaharibu kanisa kuu la Mutakatifu Yozefu. Tarehe 22 Mei 2021 ulishuka tena, ukasimama karibu na muji. Misale ikiungua, tutanunua nyingine, maana ina ndugu zake maelfu. Lakini buku la ubatizo limeandikwa kwa mukono, nalo ni moja tu. Likiungua, wachumba watakaokuja kuomba ndoa watatoa wapi karata zao?

Mutaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko kuandika ubatizo na ndoa. Kanuni ya 535 inaagiza vile vile leo. Sheria ya 1917, katika kanuni ya 470, iliongeza kwamba kila mwisho wa mwaka nakala ya mabuku itumwe kwa Askofu. Sheria ile ilibadilishwa mwaka 1983, lakini hekima yake haijazeeka.

Basi, wandugu, tusingojee mashini. Katekista mwenye mwandiko mzuri anakili buku kila mwezi. Padri alinganishe jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, kiisha atie sahihi. Picha za simu zinasaidia pia. Lakini nakala isikae katika kabati moja na buku lenyewe. Iwekwe mbali, ngambo nyingine ya njia ya moto. Majina yale tulikabiziwa na Kanisa, na kila moja ni la mutoto wa Mungu.